Mlima wa Utotoni Unaporudiwa

Kurudi mahali pa likizo za utotoni baada ya miaka mingi ni safari ya aina yake, kwa kuwa anayerudi hasafiri kama mgeni anayekwenda kuona asichokijua, bali kama shahidi anayekwenda kulinganisha kilichopo mbele ya macho yake na kile alichokihifadhi moyoni, na mara nyingi ulinganisho huo ndio unaomfurahisha au kumtonesha kuliko mandhari yenyewe. Milimani ulinganisho huwa mkali zaidi, kwa sababu mlima hudhaniwa kuwa kitu kisichobadilika: nyumba hubomoka, miti hukatwa na wazee hufariki, lakini mlima hutarajiwa ukutwe pale pale na vile vile ulivyoachwa. Sura hii inachunguza yanayotokea matarajio hayo yanapokutana na mlima wenyewe, na inaanzia mahali ambapo msomaji huenda hakupatarajia, yaani Nkololo, katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu.

Nkololo haiko katika nchi ya milima mirefu. Iko katika uwanda wa Usukuma, upande wa kusini mashariki mwa Ziwa Victoria, ambako ardhi hupanda na kushuka taratibu na ambako, hapa na pale, huchomoza vilima vya miamba ya matale, yaani miamba migumu iliyotokana na uji wa moto uliopoa chini kabisa ya ardhi na kufunuliwa baadaye na mmomonyoko wa mamilioni ya miaka. Wakulima wa Kisukuma waliisoma miteremko hii kwa makini kabla ya mtaalamu yeyote kufika na vipimo vyake. Karibu na miamba ni luseni, udongo wa kichanga unaokubali mihogo na karanga. Chini yake huweza kukutwa itogolo, udongo mgumu ambao maji hayapenyi kwa urahisi na ambao kwa kawaida huachiwa mifugo. Na bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kung'ang'ania miguuni wakati wa mvua, ambamo mpunga na pamba hustawi. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara, alipobuni dhana ya katena, yaani mfuatano wa aina za udongo unaojirudia kutoka juu ya kilima hadi bondeni, alikuwa anaipa sayansi ya dunia jambo ambalo wakulima wa kanda hii walikuwa wamekwisha kulipa majina yao.

Katika mazingira ya namna hiyo, likizo ya familia haikuwa na sura ya kupanda juu ili kupumzika. Mvua za Desemba huwakuta wanafunzi wakiwa nyumbani, na mvua hizo ndizo za kulimia na kupandia. Likizo ya katikati ya mwaka nayo huangukia katika kipindi cha kuvuna pamba. Mtoto aliyeletwa kwa babu kutoka Mwanza au Dar es Salaam alikabidhiwa jembe au fimbo ya kuchungia, na kilima alikifahamu kwa kazi zake: pale juu ndipo mchungaji alipokaa ili ng'ombe wote waonekane kwa mara moja, pale ndipo mvua ilipoonekana ikija kutoka mbali kabla haijafika shambani, na pale ndipo michembe iliyofungwa asubuhi, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa, ilipoliwa mchana. Kumbukumbu zilizojengeka kwa kazi zina faida moja ambayo itadhihirika baadaye katika sura hii, kwani aliyechunga juu ya kilima anakumbuka jani lilikuwa la aina gani, maji yalipatikana wapi, na ng'ombe alikatazwa kuvuka mpaka upi.

Milima ya likizo, kwa maana inayozoeleka zaidi nchini Tanzania, iko mashariki, na mfano ulio wazi kuliko yote ni Kilimanjaro. Kila Desemba familia zenye asili ya mlima huo, zikiwemo za watumishi na wafanyabiashara walioweka makazi katika miji ya Kanda ya Ziwa, hurudi Rombo, Marangu, Machame, Kibosho na Old Moshi kwa ajili ya Krismasi na Mwaka Mpya, na desturi hiyo imeshika mizizi kiasi kwamba Watanzania wa makabila mengine huwatania kuwa wanakwenda kuhesabiwa. Anayetoka Bariadi ana njia mbili. Anaweza kuzunguka kwa lami kupitia Maswa, Shinyanga, Nzega, Singida na Babati hadi Arusha. Au anaweza kushuka Lamadi, kando ya ziwa, akaingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwenye lango la Ndabaka, akavuka nyika ambayo mwezi huo upande wake wa kusini huwa umejaa nyumbu, kisha akapanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,200, ambako ukungu hufunika barabara na abiria waliotoka katika joto la nyika hufunga madirisha na kutafuta masweta. Kwa mtoto wa Simiyu, hapo ndipo milima huanza.

Kinachomvuta anayerudi Kilimanjaro ni kihamba zaidi ya kilele. Kihamba ni shamba la ukoo lililozunguka nyumba, ambamo kahawa hukua chini ya migomba, na migomba chini ya miti mikubwa, huku mbuzi na ng'ombe wakilishwa zizini na mbolea yao ikirudishwa mashinani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuingiza mfumo huo, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, katika orodha yake ya urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia. Ndani ya kihamba kuna makaburi ya wazee, na kwa desturi kitinda mimba wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya wazazi, hivyo nduguze wote wanaporudi hufikia kwake. Hapo ndipo mtori hupikwa, mbege huonjwa, mbuzi huchinjwa, na mashauri ya mwaka mzima, kuanzia mahari hadi mipaka ya mashamba, hukalishwa chini na kumalizwa.

Siku ya pili au ya tatu, alfajiri kabla mawingu hayajakusanyika, mtu hutoka nje na kuitazama Kibo, kilele cha mita 5,895. Mtu mzima aliyeiacha akiwa mtoto husema kwamba barafu imepungua. Katika jambo hili kumbukumbu yake haimdanganyi. Mwanajiografia Mjerumani Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alirudi katika mlima huo mwaka 1898, na ingawa ilikuwa imepita miaka tisa tu, alikuta kwamba barafu ilikuwa imerudi nyuma na kwamba pengo la kwenye ukingo wa kreta alimopitia lilikuwa limepanuka waziwazi. Huyo ni miongoni mwa watu wa kwanza kuacha maandishi ya kilichompata mtu anayerudi katika mlima alioupenda na kuukuta si ule ule. Ramani iliyotokana na vipimo vya mwaka 1912 inaonyesha barafu iliyofunika eneo la kilomita za mraba kati ya 11 na 12. Kufikia mwaka 2011 lilikuwa limebaki eneo lisilofika kilomita za mraba 2. Mwaka 2002 mtafiti Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake walikadiria kwamba, hali ikiendelea vile vile, barafu hiyo ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Mwaka 2020 ulipita na mabaki ya barafu yakiwa bado kileleni, jambo ambalo halifuti mwelekeo wa kupungua, ila linafundisha tahadhari katika kutaja tarehe za vifo vya vitu vikubwa.

Hata hivyo, jicho linaloona sawasawa linaweza kueleza vibaya lilichokiona. Anayerudi huikuta barafu imepungua, kisha huukuta mfongo aliouogea utotoni, yaani mfereji wa kienyeji uliochimbwa na ukoo kuleta maji ya mto mashambani, ukiwa na maji haba au umekauka kabisa, naye huunganisha mambo hayo mawili na kusema kwamba maji yamekwisha kwa sababu barafu imekwisha. Uchunguzi wa mlima huo umeonyesha kwamba mchango wa barafu katika mito yake ni mdogo sana, na kwamba maji yanayotegemewa na mamia ya maelfu ya watu huko chini hutokana hasa na ukanda wa msitu, ambako mvua nyingi kuliko zote hunyesha kwenye mwinuko wa takribani mita 2,000 upande wa kusini, na ambako miti na mimea midogo inayoota juu yake hunasa unyevu wa ukungu. Tishio kubwa kwa maji ni moto unaounguza msitu wa juu, ambao umekuwa ukiushusha mpaka wa miti, pamoja na ongezeko la watu na mashamba wanaogawana mito ile ile. Barafu yenyewe, kwa maelezo ya watafiti wengi, ilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, wakati hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipokuwa kavu zaidi na theluji mpya ikapungua, na ongezeko la joto duniani likaja kuongeza mzigo juu ya mlima uliokuwa umekwisha kudhoofika. Familia inayosikitikia kilele na kuusahau msitu inasikitika mahali pasipo penyewe.

Mabadiliko mengine hayaonekani kwa kutazama juu. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa msitu uliopakana na vihamba, ambao wenyeji mpaka leo wanauita Nusu Maili, ili wananchi wapate humo kuni, mbao na majani ya mifugo. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi ya mlima ulipounganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, masharti ya kuingia msituni yalibadilika, na njia ambazo mama na nyanya walipita na mizigo ya kuni kichwani hazikuwa tena njia za kila siku. Kahawa nayo, iliyosomesha vizazi viwili chini ya ushirika wa KNCU ulioundwa mwaka 1933, ilipoteza nguvu, hasa baada ya mwaka 1989, pale makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yalipovunjika na bei kuporomoka. Katika vihamba vingi mibuni mizee iling'olewa na nafasi yake ikachukuliwa na migomba, mahindi na mboga. Mtoto wa miaka ya 1970 anayekumbuka harufu ya maua meupe ya mibuni hakosei kuikosa leo, na chanzo cha kuikosa kwake kiko katika soko la dunia zaidi ya kilivyo katika udongo wa babu yake.

Lakini si kila ambacho mtu hukikosa kilikuwepo. Elimu ya nafsi imelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1688, mjini Basel, daktari kijana Johannes Hofer aliandika tasnifu kuhusu ugonjwa uliowapata Waswisi walioishi mbali na milima ya kwao, ambao walikosa usingizi, wakakonda na kuugua homa, na ambao kwa maoni yake tiba yao ya hakika ilikuwa kurudishwa nyumbani. Hofer hakuzingatia kwamba nyumbani panaweza kubadilika wakati mgonjwa yuko njiani. Karne mbili na nusu baadaye, mwaka 1932, mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kukumbuka ni kujenga upya: mtu huchukua vipande vilivyosalia na kuviunganisha kwa kile anachokiamini sasa. Kwa sababu hiyo mwamba ambao mtoto aliuona kuwa mrefu kupindukia humwonekea mtu mzima kuwa wa kawaida tu, na mvua, chakula na upendo wa likizo hujazwa na kuzidishwa na miaka ya kutokuwepo.

Kuna upofu wa aina nyingine ambao ni mzito zaidi, kwa kuwa haumhusu mtu mmoja bali vizazi. Mwaka 1995 Daniel Pauly, mtaalamu wa samaki, alieleza kwamba kila kizazi cha watafiti huchukua hali ya bahari waliyoikuta mwanzoni mwa kazi zao kuwa ndiyo hali ya kawaida, na hupima upungufu kuanzia hapo, bila kujua kwamba waliowatangulia walikuta samaki wengi zaidi. Hali hiyo inaweza kuitwa kuhama kwa kipimo cha mwanzo. Usukuma unaonyesha kwamba kipimo hicho kinaweza kuhama huku na huko, na si kushuka tu.

Sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, ilipopita Afrika Mashariki miaka ya 1890, iliangamiza mifugo kwa wingi, malisho yakaachwa, vichaka vikatanda, na mbung'o, wadudu waenezao nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu, wakafuata vichaka. Aliyezaliwa baada ya hapo aliona pori kuwa ndiyo sura ya asili ya nchi. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, kwa kazi kubwa iliyoongozwa kutoka Shinyanga na Charles Swynnerton, iliwakusanya maelfu ya watu kufyeka na kuchoma vichaka ili kumfukuza mbung'o. Kisha pamba ikapanuka, ng'ombe wakaongezeka, na mwaka 1974 operesheni ya vijiji ikawahamisha watu kutoka maeneo waliyoyatunza kwa desturi zao na kuwakusanya pamoja. Aliyekulia katika kipindi hicho aliiona nchi iliyo wazi, yenye vumbi na mifereji ya mmomonyoko, naye alichukulia kwamba hivyo ndivyo ilivyo, hadi Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Bariadi, ukafikia hatua ya kuitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa kifupi kama HASHI. Mwanzoni ulitegemea vitalu vya miche, lakini mafanikio yake makubwa yalipatikana pale ulipokubali kujifunza kutoka kwa wazee na kuirudisha ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, ili majani yakue na kukaukia papo hapo, kisha hufunguliwa kidogo kidogo wakati wa kiangazi, wakitangulia ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia. Nyingine ni za familia, nyingine za kijiji au za shule, na ulinzi wake uliegemea sheria za kienyeji zilizopitishwa katika dagashida, yaani mkutano mkuu wa wanakijiji, ambako mvunjaji hutozwa faini. Miti haihitaji kupandwa katika eneo kama hilo; visiki vya migunga vilivyokuwa vikiliwa kila mwaka huchipua vyenyewe pale vinapopewa nafasi. Hekta zipatazo 600 za ngitili zilizokuwa zikijulikana katika mkoa huo mwaka 1986 ziliongezeka hadi zaidi ya 300,000 katika muda wa miaka 20 hivi.

Maana yake kwa suala la sura hii ni kubwa. Mtu aliyeondoka katika vijiji vya Bariadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, akarudi baada ya miaka 25 pamoja na watoto wake, angeweza kukuta palipokuwa na udongo mtupu pameota miti iliyomzidi kimo, ndege ambao hakuwahi kuwaona, na kuni karibu na nyumba. Huzuni ya kurudi haikuandikwa kuwa lazima. Wala ushindi huo hauna hakika ya kudumu, kwa kuwa Mkoa wa Simiyu, uliotangazwa mwaka 2012 ukiwa na watu wapatao milioni 1.58 kwa sensa ya mwaka huo, ulihesabu zaidi ya milioni 2.1 katika sensa ya mwaka 2022, na kila anayetafuta shamba jipya huitazama ngitili ya jirani. Ndiyo sababu kumbukumbu ya aliyechunga ina thamani: anaweza kusimama mahali na kuonyesha mpaka ulipokuwa, kisima kilipokuwa, na mti gani ulitoweka kwanza.

Wanasayansi wana njia iliyo ndani ya uwezo wa familia yoyote, nayo ni picha ya marudio, yaani kupiga picha upya kutoka mahali pale pale na kwa mwelekeo ule ule wa picha ya zamani. Kwa njia hiyo watafiti wa Serengeti, akiwemo Anthony Sinclair, walionyesha kwamba miti ya baadhi ya sehemu za hifadhi hiyo iliongezeka baada ya sotoka kudhibitiwa na nyumbu kuongezeka kutoka takribani 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa kuwa nyumbu wengi walikula majani ambayo zamani yalikuwa chakula cha moto, na miche ikapona. Picha za mwanzo hazikupigwa kwa ajili ya utafiti huo; zilipata thamani kwa sababu mtu alizihifadhi na mahali zilipopigwa palijulikana.

Kwa hiyo familia inayojiandaa kupanda Marangu au kurudi Nkololo Desemba hii inaombwa kutoa albamu za zamani kabatini kabla ya kufunga mizigo, ichague picha moja ambayo nyuma ya watu inaonyesha kilima, mto au msitu, iende nayo, imtafute mzee anayejua ilipigiwa wapi, na isimame hapo hapo ipige nyingine. Tarehe, jina la mahali na majina ya miti atakayoyataja mzee yaandikwe siku hiyo hiyo, kwa kalamu na kwa lugha aliyoyatajia, na nakala moja iachwe katika shule ya kijiji.